Hakuna Aliyemuuliza Bwana Sonile

Baridi ya Julai kwetu Ufipa haina adabu. Haipigi hodi. Inaingia pamoja na wageni, inakaa jikoni, na ukipanda kitandani unaikuta imeshalala upande wako. Watumishi wanaohamishiwa huku kutoka Dar hulia kimyakimya wiki ya kwanza, wiki ya pili wananunua makoti ya mitumba yanayofika magotini, nasi tunawacheka. Sasa katika baridi hiyo, mwone mzee wa miaka themanini na kitu, kifua kibovu, amechuchumaa katikati ya shamba lake saa kumi za jioni, ana shati tu. Viganja amevikutanisha mbele ya magoti kama anayengoja kumiminiwa ulezi. Huyo ni mzee Yohanes wa Izia. Na yule anayemkimbilia kutoka barabarani, ndala moja mguuni na nyingine imebaki kwenye miiba, ni bintiye Dominika.

"Baba! Utaniua kwa presha, baba!"

"Chuchumaa, mwanangu," mzee alinong'ona bila kugeuka. "Unamzuia."

Dominika alitazama huku na huku. Aliona mabua ya mahindi yaliyovunwa, aliona mti wa mkaratusi mpakani, na mbele ya baba yake aliona kile kipande cha nyasi, chembamba na kirefu, ambacho ukoo wao haujawahi kukilima. Mtu hakuwepo, hata mbuzi. Alimshika mzee kwapani akamwinua, na alishtuka jinsi alivyokuwa mwepesi. Njia nzima hadi nyumbani mzee aliendelea kugeuka nyuma.

Daktari alikuwa ameshasema neno lake. Kichomi kilichompata mwezi wa tano kilikuwa cha kwanza, na akipata cha pili mwili hauna akiba ya kupigana nacho. Alimwambia Dominika mlangoni, kwa sauti ya chini, kwamba mzee akae ndani, akae penye moto, na jioni asitoke kabisa. Dominika aliitikia. Alikuwa mfanyabiashara wa maharage na ulezi sokoni Kizwite, mwanamke anayejua kubishana na matajiri wa malori mpaka wakaomba poo, lakini baba yake mzazi hakumweza. Ungemfungia mlango, angetoka kwa wa uani. Ungekaa kwenye mlango wa uani, ungeusikia wa mbele ukilia.

Kilichomtia Dominika woga zaidi ni kwamba jambo hili halikuwa geni katika ukoo. Babu yake, mzee Adriano, alikutwa amekufa palepale mwaka wa vita vya Kagera, amechuchumaa vilevile, viganja mbele, kifua kimeegemea magoti. Walishindwa kumnyoosha mpaka walipomkanda kwa maji ya moto. Dominika alikuwa mtoto mchanga mgongoni, hakuona kitu, lakini mama yake alimsimulia. Na mama naye alipofariki, ndipo Yohanes alipoanza kwenda.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Mfipa aliyelelewa vyema akikutana na mkubwa hachomoi mkono kama mtu wa stendi. Anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, viganja vikiwa na uwazi kidogo katikati ili sauti itoke nzito, ndipo anasema neno. Kwa hiyo mama Bertilla, jirani wa nyumba ya tatu, mwanamke wa rika la marehemu mama, alipomwona Yohanes pale shambani alisema, "Anasalimia wakubwa. Mtu anayesalimia hakatizwi." Basi hakuna aliyemkatiza. Na wala si kwamba hawakumpenda. Walimheshimu, na kwetu heshima inaweza kumwacha mtu akaganda kwa baridi huku watu wamesimama pembeni wamekunja mikono.

Mume wa Dominika hakuwa na ustaarabu huo. Lugano ni mtu wa Mbeya, mtumishi wa idara ya kilimo, na watu wa Mbeya wakiona tatizo wanataka kulipiga jembe. Walikuwa wamehamia nyumbani kwa mzee tangu mvua za kwanza, na kabla Machi haijaisha alikuwa na dawa.

"Mama Lwitiko," alimwambia mkewe, "baba anakwenda pale kwa sababu pale pana pahali. Ukipaondoa, atakwenda wapi?"

"Pale hapalimwi."

"Nani kakataza?"

Dominika alitafuta jina la kutaja. Kwa kweli hakujua nani. Alijua tu kwamba hapalimwi.

Machi ni wakati wa kupiga ntumba, yale matuta ya duara ambayo sisi huyapiga mvua zinapoelekea ukingoni. Unaparua majani na udongo wake, unayalaza kifudifudi, unayarundika na kuyafunika, yanaoza humo ndani mpaka msimu ujao, ndipo unatawanya na kupanda. Mfipa alilima hivyo kabla mtu hajamletea mbolea ya mfuko. Lugano alitafuta vijana wenye nguvu, na Dominika mwenyewe akashika jembe. Udongo wa kipande kile ulikuwa mgumu kama sakafu, majembe yalirudi juu yakilia. Lakini walikifunika chote, na jioni ile mzee Yohanes alikuja mpaka ukingoni, akaangalia ntumba zilivyopangana, akasema kwa upole, "Poleni na kazi," akarudi nyumbani kulala.

Asubuhi Dominika alikwenda na kikombe cha chai mkononi kutazama kazi yake. Ntumba za pembeni zilikuwepo. Zile za kipande hazikuwepo. Udongo ulikuwa umerudi ulikotoka, umeshindiliwa ukawa laini, na juu yake majani yalikuwa yamesimama, mafupi, yamelingana, mabichi, kana kwamba jembe halijawahi kupita. Aliinama akayagusa. Yalikuwa yamekatwa karibuni, na harufu ya majani yaliyokatwa ilimjaa puani. Chai ilimwagika kwenye kanga yake na hakuisikia.

Lugano alisema ni ng'ombe. Kisha alisema ni majirani wenye wivu. Alipokwisha kuzunguka kipande kile na kukosa unyayo hata mmoja, wa ng'ombe wala wa mtu, aliacha kubahatisha, na tangu siku hiyo akitoka kazini alipita njia ya mbali.

Padri aliombwa, akaja, akanyunyiza maji ya baraka kwa unyenyekevu. Mzee Yohanes alimshukuru sana, akamsindikiza hadi kwenye pikipiki, na saa kumi ilipofika akaenda shambani. Mji wetu wa Sumbawanga umebeba jina la kutupa uchawi, lakini hili halikuwa uchawi, na mtu hatupi asichokijua.

Basi jioni ile ya Julai, baada ya kumrudisha mzee na kumvika sweta na kumkalisha motoni, Dominika alifanya jambo ambalo binti wa Kifipa halifanyi kirahisi. Alimwuliza baba yake swali la moja kwa moja.

"Baba, kule kuna nani?"

Mzee aliuzungusha uji kwenye bakuli. Moto ulilia. Kisha akacheka kidogo.

"Kuna Bwana Sonile," alisema. "Anacheza."

Na hivi ndivyo alivyomsimulia.

Jina lake kamili lilikuwa Thornley, lakini vinywani mwa wazee likawa Sonile. Alikuja Sumbawanga miaka michache kabla ya vita vya Hitla, kijana mrefu mwenye pua iliyobabuka, msaidizi wa bwana mkubwa wa boma. Mzee Adriano, kijana wakati huo, alikuwa mpishi wake. Jioni bwana alikaa barazani na pombe yake, na kwa kuwa hakuwa na mzungu wa rika lake wa kuongea naye alimwongelesha mpishi, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Kila siku ni habari moja tu, habari ya kriketi.

Adriano alifika mahali akaijua safari yote ya yule kijana mchezoni kama aliyoisafiri yeye. Kwao Oksfodi, mwaka wa kwanza, hakuna aliyemtazama. Mwaka wa pili alibeba maji ya wenzake na kushika makoti yao. Mwaka wa tatu akapata kofia ya bluu, ambayo huko mtu akiipata wazazi wake hulia. Kila mwaka chuo chao kilicheza na chuo cha mahasimu wao mjini London, siku kadhaa mfululizo, mbele ya watu wenye kofia ndefu. Mchezo wenyewe ni hivi: mpigaji anasimama mbele ya vijiti vitatu, kibao mkononi. Mtupaji anamtupia mpira. Nyuma ya vijiti anachuchumaa mdakaji, viganja mbele. Mpira ukigusa kibao hata kwa unywele, mdakaji akaunyaka kabla haujaanguka, mpigaji ametoka.

"Lakini ina sheria moja, mwanangu," Yohanes alisema, na macho yake yalikuwa yametulia kwenye moto. "Mwamuzi hamtoi mtu mpaka aulizwe. Hata kama ameona kwa macho yake. Lazima upande wa pili upige kelele, umwulize, mwamuzi, vipi hiyo? Wasipouliza, mtu anaendelea kupiga."

Siku ile ya London, Sonile alikuwa anapiga vizuri kupita maisha yake yote. Mpira ukampita ukagusa kibao, mguso mdogo, akausikia kwenye mifupa ya mikono. Mdakaji akaunyaka. Wote wakauliza kwa kelele. Mwamuzi, mzee mwenye mafua, alikuwa akipiga chafya, hakusikia kitu, akatikisa kichwa. Muungwana wa kwao, akijua amegusa, huondoka mwenyewe bila kungoja. Sonile alisimama. Mtupaji, rafiki yake wa utotoni, akamtazama. Sonile akatazama nyasi. Akaendelea mpaka akafikisha mikimbio mia, ambayo ndiyo alama zao, watu wakasimama wakampigia makofi, magazeti yakaandika jina lake, na yule rafiki hakusema naye tena mpaka kufa. Baada ya hapo alichezea mkoa wa kwao misimu kadhaa, lakini mikono ilikuwa imeharibika. Kila mpira ulipompita alidhani ameugusa. Ndipo akaomba kazi ya mbali, walipomwuliza mbali kiasi gani akasema mbali kabisa, wakamleta Ufipa.

Huku alitengeneza kiwanja, palepale penye kile kipande cha nyasi. Wafungwa walivuta jiwe la duara mchana kutwa kuishindilia ile ardhi. Akawafundisha askari, makarani na walimu wa misheni. Jumamosi moja ikapangwa mechi, boma dhidi ya misheni, na kwa kuwa misheni ilipungukiwa mtu, bwana akamtoa mpishi wake akawe mdakaji wao. Mwamuzi alikuwa mwalimu Eustaki. Saa kumi za jioni Sonile alikuwa anapiga. Mpira ukampita, ukagusa kibao, mguso mdogo. Adriano akaunyaka.

"Akauliza?" Dominika alisema.

"Amwulize nani? Ameunyaka mpira wa bwana mikononi mwa bwana. Alijiona mwizi aliyekutwa na kuku wa tajiri yake. Aliuweka mpira chini, akachuchumaa zaidi, akapiga makofi. Kuomba radhi. Na wenzake wote uwanjani wakachuchumaa wakapiga makofi. Mwalimu Eustaki alikuwa ameona, lakini hakuulizwa." Mzee alikohoa, akajifuta. "Bwana akageuka akamtazama. Akamwambia polepole, 'Adriano, uliza.' Baba akaangalia chini. Akamwambia tena, 'Uliza, tafadhali.' Mtu aliyewahi kumpiga kofi kwa yai lililoungua, leo anamwambia tafadhali. Baba aliogopa zaidi."

"Si angeondoka mwenyewe?"

"Kule kwao aliulizwa akanyamaza. Huku alitaka aulizwe, ajibu. Kuondoka tu kusingemsaidia." Mzee alitikisa kichwa. "Alipiga mpaka jua likazama. Homa ikamkamata usiku uleule, ile ya mkojo mweusi. Wiki haikwisha, akafa. Na alipokuwa anaweweseka neno lilikuwa hilohilo, na baba anamkanda kitambaa, anamwambia, pumzika, bwana."

Dominika alikuwa ameibana kanga yake ngumini. Hasira ilimpanda, hakujua hata ni kwa nani, kwa mzungu, kwa babu, au kwa uwanja mzima uliochuchumaa.

"Na wewe, baba? Miaka yote hii unakwenda, kwa nini hukumwuliza ukayamaliza?"

Mzee alisukuma kigogo motoni.

"Heshima si utumwa, baba."

"Usiulize, Dominika." Sauti ilibadilika, ikawa ya mtu anayebembeleza. "Nakuomba. Wewe niache niende tu. Kule hakuna baridi kama unavyodhani."

Mzee aligeuza uso ukutani. Dominika alielewa alivyoelewa: kwamba baba yake amekamatwa, na aliyekamatwa hutetea kamba yake. Alilala na wazo hilo, na kulipokucha lilikuwa bado lipo.

Kesho yake hakumzuia. Saa tisa na nusu alimvika sweta mbili na koti la Lugano, akamshika mkono wa koti, wakaenda pamoja. Upepo ulikuwa unavuma kama unavyovuma Julai nzima, ule upepo mkavu unaochubua midomo. Bati la banda la jirani lilikuwa likigonga. Mzee alichuchumaa mahali pake. Dominika alikaa kando kidogo, kwenye mabua.

Saa kumi upepo ukakoma.

Haukupungua. Ulikoma, kama mtu aliyefungwa mdomo. Mkaratusi wa mpakani ulikuwa bado unayumba, na vumbi la barabarani lilikuwa bado linakimbia, lakini walipokuwa wao hapakuwa na hata pumzi. Na mzee alisema kweli, hapakuwa na baridi. Harufu ya majani yaliyokatwa ikapanda. Kisha Dominika akasikia kitu kikigonga ubao, tok, sauti kavu, karibu kabisa, na mtu kama anayevuta miguu kwenye nyasi.

Alikodoa macho, hakuona mtu. Ndipo alipotazama chini.

Vivuli vilikuwa vimelala shambani kote. Jua lilikuwa upande wa magharibi na kila kivuli kimelala kuelekea mashariki, sawasawa kama kivuli cha mkaratusi, ila mkaratusi ulikuwepo na wenye vivuli hawakuwepo. Kimoja kirefu, kimeinama, kimeshika kibao. Mbali kidogo kimoja chenye kofia pana, kimesimama wima bila kujitikisa. Huyo alikuwa mwalimu Eustaki, Dominika alimjua bila kuambiwa. Vingine vimetawanyika hadi mpakani. Kimoja kilikuwa kimepita juu ya mguu wake mwenyewe, na alipouvuta mguu kivuli hakikuusindikiza. Alitaka kupiga ishara ya msalaba, mkono ukawa mzito.

Kisha akatafuta kivuli cha baba yake. Kilikuwepo, kimechuchumaa, lakini kilikuwa kinene mno. Kilikuwa na vichwa viwili, kimoja juu ya bega la mwenzake. Kilikuwa na mikono minne. Miwili ya ndani imekutanishwa viganja, na miwili ya nje imeizunguka ile ya ndani, imeibana.

Hapo ndipo Dominika alipojua, au alidhani amejua, kinachomla baba yake. Kimempanda mgongoni. Kimemshika mikono, na hakitamwachia mpaka akauke hapohapo kama babu.

Kivuli cha mtupaji kilikimbia kikaruka. Safari hii hakukuwa na tok. Kulikuwa na mkwaruzo mdogo, kama ukucha unaopita kwenye ungo, na viganja vya mzee Yohanes vikafumba kwa nguvu kwa namna ambayo mikono ya mzee yule haikuwa na uwezo nayo tena. Vivuli vyote vikageuka. Vilimgeukia mdakaji vikangoja. Kile kirefu kiligeuza kichwa, na Dominika alihisi mtu anamtazama mzee kwa uchungu mkubwa, toka mahali pasipo na macho.

Na taratibu viganja vya mzee vikaanza kufunguka. Vilikuwa vinajiandaa kupiga makofi. Ndiyo kusema walikuwa wakifanya hivyo kila jioni, miaka yote, wanaudaka na kuomba radhi, wanaudaka na kuomba radhi.

Dominika alisimama. Sauti ilikuwa ile ya sokoni.

"Mwamuzi!" alipiga kelele. "Vipi hiyo?"

"Dominika, hapana!" mzee alilia.

Kivuli chenye kofia pana kiliinua mkono. Kidole kimoja kililala kwenye nyasi, kirefu, chembamba, hakikutetemeka.

Kisha sauti ya mwanamume ikasema, karibu na sikio lake, kwa Kiswahili cha kigeni, "Ndiyo. Mimi gusa." Ilisema kama mtu anayetua mzigo. Kivuli kirefu kikakiweka kibao kwapani, kikaanza kutembea kuelekea mpakani, na kadiri kilivyokwenda ndivyo kilivyokuwa kifupi na chepesi, mpaka kikafika kwenye mabua ya mwisho kikawa hakipo.

Dominika alicheka kwa furaha. Kweli alicheka. Lakini mechi ikiisha hakuna anayebaki uwanjani. Mwalimu Eustaki alikuwa ameshageuka. Kivuli baada ya kivuli kilinyanyuka kikaondoka bila haraka, kama watu wanaotoka misa ya pili. Na kile chenye vichwa viwili kikaachana katikati. Mikono ya nje ikalegea, ikajitoa mmoja mmoja. Cha nyuma kikasimama. Kilikuwa cha mtu mfupi, mwenye mabega mapana, anayechechemea kidogo. Kilisimama hapo kwa muda, kimemwinamia yule aliyebaki amechuchumaa, kisha kikafuata wengine.

"Taata!" Mzee Yohanes alisimama bila kusaidiwa. Alikuwa anaita kama mtoto aliyeachwa njiani na baba yake. "Taata, ningoje! Taata!"

Alikimbia. Mzee wa miaka themanini na kitu alikimbia juu ya nyasi zile, koti la Lugano likimpepea, mpaka mpakani, na hapo akaanguka kwa mikono. Dominika alipomfikia upepo ulikuwa umerudi wote kwa mara moja, unachapa, na mzee alikuwa anapapasa mabua kana kwamba amedondosha kitu.

Alimbeba mgongoni hadi nyumbani. Mzee hakukohoa njiani, wala siku zilizofuata hakukohoa. Kichomi hakikurudi. Lakini jioni ile hakuna aliyelijua hilo. Alimkalisha kitandani, akamvua viatu, na mzee akalia machozi ya wazi, mdomo umefunguka.

"Umemfukuza," alisema.

"Baba, yule mzungu alikuwa anakuua."

"Mzungu ananihusu nini mimi? Miaka yote hii mzungu ananihusu nini?" Alimtazama bintiye bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Alikuwa baba yangu. Alikuwa nyuma yangu, ananishika mikono kwa nje, hivi, mpira usije ukaniumiza. Angalia. Kila siku, hivi. Tangu mama yako aondoke, nani mwingine ananishika mikono?"

Dominika alitaka kusema, mimi. Akakumbuka kwamba alimwogesha, akampa dawa, akampikia, akampigania kwa daktari, na asubuhi na jioni alichuchumaa mbele yake akapiga makofi ya heshima kama alivyofundishwa. Mikono yake hakuwahi kuishika.

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Mzee kama mimi nikuambie namtaka baba yangu?"

Kilio kilikuwa kimeshasikika nje. Kwetu kilio hakihitaji kadi ya mwaliko. Mama Bertilla aliingia wa kwanza, shali begani, na nyuma yake wanawake wawili wa jirani. Lugano alisimama mlangoni na begi lake la kazini, hajui aingie au arudi.

"Nani amefariki?" mama Bertilla aliuliza.

"Babu Adriano," Dominika alisema.

Wale wanawake wawili walitazamana. Mama Bertilla, ambaye alikuwepo siku ile mwaka wa vita, aliyechemsha maji ya kumkandia marehemu, alimtazama Dominika, kisha akamtazama mzee pale kitandani kwa muda mrefu.

"Lini?"

"Leo. Saa kumi."

Mama Bertilla alijifunga shali kiunoni, akamwambia Lugano atafute kuni, akatoka kwenda kukoka moto wa msiba uani. Dominika alipiga magoti mbele ya baba yake. Viganja vya mzee vilikuwa bado vimekutana, vimejikunja, vinangoja. Alivizungushia vyake kwa nje akavibana kwa nguvu zake zote, lakini mikono yake ilikuwa midogo na haikuenea.